Wiski Yangu na Wageni wa Posa

Jameni, leo nimewatoa nje wageni wa tajiri wangu, mmoja baada ya mwingine, kwa mikono yangu hii, huku nikitabasamu.

Ngojeni. Msianze. Nieleze kwanza.

Mnaonijua mnajua mimi si mtu wa kukaa mahali pamoja. Shule niliiacha darasa la saba, nikaanza kuzunguka. Nakuru nilifagia baa, Mombasa nilisukuma mkokoteni, kisha nikapanda ndege kuja huku Saudia kuendesha magari ya watu. Mwanzo nilikuwa Jeddah. Nililala mtaa wa Kandara wa huko huko, chumba kimoja na wanaume wengi hadi tukawa tunageuka kwa zamu (naongeza chumvi, lakini kidogo tu), na Ijumaa nashuka Ruwais kutazama bahari. Jeddah haina baridi. Jeddah ni jasho, mwanzo wa mwaka hadi mwisho wake. Kisha nikabadilisha kafili, yaani mwajiri anayekudhamini, nikaletwa Riyadh, mtaa wa Malqa, nyumba kubwa ya lango linalojifungua lenyewe.

Hakuna aliyenionya kuhusu Januari ya Riyadh! Upepo unapita chini ya mlango na kukusalimia kitandani. Chumba changu kiko kando ya lango, na jioni nikishika ukuta nahisi nimeshika samaki wa dukani.

Sasa, baridi ya namna hiyo inataka wiski. Hilo nalijua. Kule Nakuru, jioni za mvua, matajiri walikuwa wakiingia, wanakaa karibu na moto, wananusa glasi kwanza, wanafumba macho. Mimi nikifagia chini ya viti vyao nilikuwa nanusa pia. Wiski naijua kwa pua. (Kwa ulimi siijui. Mama ni mtu wa kanisa, na mshahara wa mfagiaji ni mshahara wa mfagiaji.)

Lakini huku pombe ni jela. Halas, hakuna mjadala. Basi nikajiuliza: kwani wiski ni nini hasa? Ni rangi. Ni moshi. Ni kitu cha kuchoma koo. Ni mtu aliyekaa kwenye baridi akajiona tajiri. Kileo ni kipande kimoja tu cha mambo hayo. Nikaamua kutengeneza vilivyobaki.

Nilihangaika majuma mengi, kwa sababu kitu kikiniingia kichwani hakitoki. Nilitazama video za wazee wa ng'ambo waliovaa sweta, wanaonusa glasi na kuongea kama wanasali. Mwisho nikapata. Chukua kile kinywaji cha shayiri chenye ladha ya tofaa, kisicholevya, kinachouzwa kila duka la mtaani huku. Kipashe moto polepole mpaka gesi iishe. Unguza sukari hadi iwe nyeusi kidogo, tia. Asali ya tende, tia. Chai kavu iliyokolea na tangawizi ya kukutoa machozi, tia. Na moshi? Hapo ndipo penye ufundi. Kipande cha udi juu ya kaa la moto, glasi unaifunika juu ya ule moshi, ikishajaa unaigeuza na kumimina. Eh! Rangi ya shaba. Harufu ya msitu unaoungua kwa adabu. Jioni najifunika blanketi, nanusa kwanza, nafumba macho. Sikuwa dereva tena.

Naisifu kwa sababu inasifika. Endeleeni kusoma.

Wiki iliyopita nimekaa hivyo hivyo, mlango ukafunguliwa. Tajiri wangu mwenyewe! (Matajiri wetu huku tunawaita Baba. Mimi na yeye tunaongea Kiarabu cha kuvunjika, nawaandikia Kiswahili muelewe.) Alikuja kuchukua ufunguo wa gari. Akaona glasi. Akaona rangi. Akasikia moshi.

"Mutiso. Nini hii?"

"Wi..." nikaanza. (Wi! Kwani nilitaka kufa?) "Chai, Baba. Chai ya kwetu."

"Chai ya kwenu unainywa umefumba macho?"

"Mafi haramu, Baba! Wallahi mafi!" (Mafi ni kusema hakuna.) Mimi Mkristo wa Kangundo, naapa wallahi.

Akaichukua glasi. Niliona ikama yangu, kile kibali cha kukaa huku, ikitoka mfukoni na kupaa peke yake hadi uwanja wa ndege. Akanusa. Akaonja. Akaonja tena. Akakaa kitandani kwangu, akamaliza yote, akanirudishia glasi.

"Lete nyingine."

Tangu siku hiyo, kila baada ya sala ya isha, flaski yangu inaingia nyumba kubwa. Anaiita dawa ya baridi. Jinsi ninavyotia moshi hajui, na mimi sikumwambia. Fundi hatoi siri yote.

Sasa tuje leo.

Alasiri Mwanaisha alikuja kugonga. Mwanaisha ni dada wa Likoni, anafanya kazi za ndani nyumba hii hii, na ulimi wake haujui likizo.

"Mutiso, oga. Kuna wageni wa posa."

"Mimi nahusikaje? Naposwa mimi?"

"Nani akupose wewe na masikio hayo? Anaposwa Nura. Yule kaka yake anayemiminia wageni kahawa ndege yake imekwama Jeddah. Mimi siwezi kuingia kwenye wanaume. Baba kasema utahudumu wewe, na ile dawa yako uilete."

Nusura nirukeruke. Wiski yangu, mbele ya wageni wa posa! Lakini Mwanaisha akapunguza sauti.

"Sikiza vizuri. Nura amemtaka huyu kijana, ameshasema. Tatizo ni Baba. Ataka kuwazungusha, waje mara ya pili, ya tatu, ya nne, wajue binti yake si wa kuokotwa. Na babu yake kijana ni mzee wa kiburi. Akiona anadharauliwa, hatarudi tena. Nura hajatia kitu mdomoni tangu jana. Kwa hivyo wewe mimina, nyamaza, toka. Usilete mambo yako."

"Mambo yangu gani?"

Akageuka, akaenda zake.

Baba akanipa kanzu nyeupe. Ilinifika chini kidogo ya magoti, lakini nilijiona balozi.

Hapa lazima niwaambie jambo. Miaka yote hii huku, sijawahi kuingia sebule ya wanaume kukiwa na wageni. Kazi yangu ni garini. Nilichokuwa nimeona ni kimoja: wageni huingia wakinuka kama watu, hutoka wakinukia udi. Nami ni mtu wa kuchunguza, nikachunguza, nikahitimisha: udi ndiyo heshima ya mgeni. Anayepewa udi amependwa. Uchunguzi mzuri sana. (Ulikosa kitu kimoja tu.)

Wakaingia. Babu mbele, ndevu nyeupe, joho la manyoya la baridi, fimbo. Nyuma yake baba mtu, wajomba, na bwana harusi mtarajiwa, kijana mwembamba anayemeza mate kila mara. Wakakaa. Nikamimina kahawa, mkono wa kulia kama nilivyoelekezwa. Babu akapokea kikombe chake, akakiweka chini. Hakunywa! Wote wakaweka vyao chini. Babu akaanza kusema maneno marefu, mazuri, nikasikia jina la Nura. Baba akajibu maneno marefu zaidi, hayana ndiyo wala hapana ndani yake. Kikombe kiko pale pale, mvuke unakwisha.

Nikawaza: maskini, kahawa imepoa na hawa watu wana baridi. Hapa panahitaji fundi.

Wakati huo huo simu ya Baba ikalia. Ni mwanawe, kutoka uwanja wa ndege wa Jeddah. Akaomba radhi, akatoka kidogo. Nami nikatoka kwa mlango mwingine kuchukua flaski na glasi. Na hapo ukumbini, juu ya meza, nikaona nini? Chetezo kikubwa cha dhahabu, makaa tayari yanawaka, na sahani ya vipande vya udi pembeni!

Kumbe Mwanaisha ameniandalia! Nikamsamehe maneno yote aliyowahi kunitolea. Nikatia kipande cha udi. Kikubwa.

Nikaingia, sinia ya glasi mkono huu, chetezo mkono ule. Mpango wangu ulikuwa nitie moshi kila glasi mbele ya mwenyewe, kama wale wataalamu wa video. Nikaanza na babu, maana ndiye mkubwa. Nikasimama mbele yake, nikainua chetezo, nikatabasamu.

Babu akakitazama chetezo. Akatazama pale Baba alipokuwa amekaa, hapana mtu. Akanitazama mimi. Kisha, taratibu sana, akasogeza ndevu zake kwenye moshi. Akainua kona ya kilemba, moshi ukaingia. Akasema, "Mungu awakirimu." Akasimama.

Wote wakasimama!

Heshima gani hii! Hata glasi sijamimina na watu wamesimama! Wakaja kwangu kwa mstari. Baba mtu akajifukiza. Wajomba wakajifukiza. Nami nawageuzia chetezo vizuri kila mmoja apate, nainamisha kichwa. Kijana alikuja wa mwisho. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

Nikadhani ni moshi.

Nilipogeuka na sinia yangu niwamiminie, sebule ilikuwa tupu. Wote wako mlangoni wanatafuta viatu.

Baba akatokea, simu bado mkononi. "Mnakwenda wapi?"

"Tumefukizwa, tunaondoka," akasema babu. "Jibu lenu tumelielewa."

Nyuma ya mlango wa jikoni nikasikia Kiswahili cha Likoni kikinijia kama nyoka: "Wewe! Udi wao ni wa kuagia! Ukishafukizwa, kwaheri, nenda kwenu! Umewafukuza watu!"

Nimesimama katikati ya zulia, chetezo mkono huu, glasi mkono ule, miundi nje. Huko juu ngazini mtu akaanza kulia, na sauti ilikuwa ya Nura.

"Huyu ni dereva!" Baba akasema. "Hajui! Hajui kitu!"

(Hajui kitu! Mimi!)

"Dereva hajui," babu akakubali, akiwa ameshavaa kiatu kimoja. "Lakini makaa nani aliyawasha kabla hatujazungumza? Na kahawa yetu iko pale, haijanywewa."

Baadaye Mwanaisha alinieleza. Kwao mtu aliyekuja na ombi la maana hagusi kahawa mpaka ajibiwe. Wala haikupoa kwa bahati mbaya. Ilikuwa inangoja neno. Na Baba alikuwa amepanga kutolitoa neno hilo leo, wala mwezi huu, ndiyo maana makaa ya kuwaagia yaliwashwa mapema.

Baba akatazama kiatu kilichovaliwa. Akatazama kile kingine, babu ameshakisogeza kwa kidole cha mguu. Akatazama juu ngazini kule kilio kinakotoka. Nilimwona mtu mkubwa akipiga hesabu na hesabu inamkataa.

"Rudi unywe kahawa yako, mzee," akasema. "Tumewapa."

Huko juu, vigelegele! Mwanaisha akavidaka jikoni, akavirudisha mara mbili. Kijana akamkumbatia mjomba wake, akakosea, akanikumbatia na mimi, chetezo na vyote. Babu akavua kiatu polepole kama hana haraka na dunia, akarudi mahali pake, akanywa kahawa iliyopoa hadi tone la mwisho.

Ndipo akaninyooshea fimbo. "Na hizo glasi ni za nini?"

Nikamtazama Baba. Baba akafunika uso kwa kiganja, akatikisa kichwa, kisha akasema, "Mwonyeshe."

Nikaonyesha! Nikafunika moshi, nikageuza, nikamimina, nikamwambia mzee anuse kwanza. Akanusa. Akafumba macho, jameni, bila kuambiwa! Akanywa. Akakaa. Akanyoosha glasi iongezwe.

"Inaitwaje?"

"Haina jina, mzee." (Ningelitaja pale, sasa hivi mngekuwa mnanichangia wakili.)

"Siku ya harusi utatutengenezea hii," akasema. "Lakini ufukize glasi peke yake. Watu utuache."

Walicheka mpaka wajomba wakashikana. Na mimi nikacheka, maana ningefanya nini?

Walipoondoka (kwa udi, safari hii aliushika Baba mwenyewe), akaniita. "Mutiso. Nilitaka waje mara nne."

"Samahani, Baba."

"Mara nne! Nimemtoa binti yangu kwa sababu ya kiatu." Akaweka chetezo chini. "Kesho utaosha magari yote." Akakaa mahali pake. "Sasa hivi lete flaski."

Nimeosha glasi, nimeketi chumbani, nawaandikia. Mwanaisha amepita dirishani na sahani ya sambusa kutoka kwa Nura, ambaye sasa anakula kama watu watatu. Ananishukuru, anasema pia hataki kuniona karibu na mlango siku yake ya harusi.

Somo nimelipata: nyumba ya mtu huwezi kuisomea kwenye gari. Lakini mjue posa ambayo ingechukua miezi imekwisha kwa glasi yangu, na anayetaka kunicheka asubiri kwanza ndoa ifungwe.