Kamishna Haskew Azindua Droni za Kuingia Kimbungani

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Makamishna wa Kaunti ya Marlin, ambaye ni mimi mwenyewe; Mheshimiwa Sherifu na manaibu wake wawili; Mchungaji Friesen wa kanisa la Mennonite, pamoja na kina mama wa kanisa lake walioleta mikate ya nyama na kabichi, ambayo naomba isiguswe kabla sijamaliza (kicheko; mtu anasikika akitafuna); Mwalimu Mkuu aliyetuazima ukumbi huu wa mpira wa kikapu; Malkia wa Ngano wa mwaka huu, na yule wa mwaka jana ambaye hadi leo hajarudisha taji; wazee wetu wa Nyumba ya Wazee ya Pendry; na kwa namna ya pekee mama yangu mzazi, Bi Opal Haskew, mwenye miaka themanini na minane, aliye pale mbele kwenye kiti cha magurudumu: kama kuna mkubwa yeyote niliyempita bila kumtaja, basi ajihesabu ametajwa mara mbili. (Makofi machache.)

Ndugu wananchi, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao gazeti letu limewahi kuusifu, ili kuzindua awamu ya pili ya Mpango Mkakati Jumuishi wa Ndege Zisizo na Rubani kwa ajili ya Uchunguzi wa Karibu wa Vimbunga, mpango ambao umeshafanyiwa vikao kumi na saba, warsha nne na semina elekezi moja iliyofanyika Florida, mahali ambapo, kwa mujibu wa wataalamu, mtu hufikiri vizuri zaidi kuhusu Kansas yetu. (Sauti: “Ulirudi umeungua pua!”)

Kwa wale wasioelewa sayansi, nitafafanua. Rada huona mambo ya juu mawinguni, lakini pale chini, karibu na ardhi, pale kimbunga kinapoamua kama kitashuka au hakishuki, rada haioni kitu. Droni ndiyo inayoweza kusogea mpaka ubavuni mwa kimbunga, ikapima mgandamizo wa hewa, joto na unyevunyevu, ikatuongezea dakika za kukimbilia handaki la kujikinga. Kwa sasa tuna dakika kumi hivi. Mpango wetu unalenga kuongeza ufanisi wa dakika hizo kwa asilimia mia sita, na ifikapo awamu ya tano wananchi wataonywa siku moja kabla wingu halijazaliwa. (Mzee mmoja: “Na mvua utaileta wewe?” Kicheko kirefu.)

Tafadhali, tafadhali. Niruhusuni niwape ushahidi. Jumanne ya wiki mbili zilizopita, saa kumi na dakika ishirini alasiri, anga la kusini lilipogeuka kijani na mawe ya barafu yakaanza kuvunja vioo vya magari, mfumo wetu wa kisasa uligundua kimbunga kikielekea Nyumba ya Wazee, taarifa ikatolewa, na wazee wote thelathini na mmoja wakashushwa chini ya jengo kabla paa halijang'oka. Hayo ni matunda ya uongozi! (Boyd Klaassen, mkulima wa ngano, anasimama: “Mfumo gani, Kamishna Delbert? Ilikuwa Lorene! Alikuwa kwenye pikapu yake nyuma ya zizi langu, mvua inampiga, anarusha kile kidude chake cha kutafutia ndama!” Makofi mengi.)

Bwana Klaassen, maoni yako yamepokelewa na yatafanyiwa kazi. Ni kweli kwamba Bi Lorene Tackett, mfugaji na mwalimu mstaafu wa sayansi, ni mdau wetu, na kwamba ana droni ndogo aliyoifungia vifaa vya kupimia hewa kwa utepe wa gundi, na kwamba kila majira ya kuchipua, kwa miaka mitatu sasa, huipeleka mawinguni na kuwatumia vipimo watu wa chuo kikuu. Lakini kazi yake ilikuwa ndani ya mwavuli wa mpango wetu. (Lorene, kutoka nyuma, bila kuinua sauti: “Mwavuli sikuuona, Kamishna. Niliona mkia wa kimbunga unakata kushoto. Kila mtu alidhani unaenda shambani kwa Boyd, lakini kwenye kioo cha droni yangu niliona unageuka, unaelekea kwa wazee. Nikampigia nesi wao, Twyla, nikamwambia, ‘Washushe wote sasa hivi, usimsubiri Delbert.’ Nikaisogeza droni karibu zaidi ili nihakikishe. Ndipo kimbunga kikaimeza.”)

Aaa... naam. Upotevu huo wa kifaa umerekodiwa. Mimi mwenyewe wakati huo nilikuwa naongoza operesheni kutoka kituo cha amri cha chini ya ardhi. (Sauti ya mwanamke: “Handaki la mkeo, kati ya mitungi ya achari!” Ukumbi unalipuka kwa kicheko. Bi Opal anagonga sakafu kwa fimbo.)

Mama, nitakufikia kwenye kipengele cha salamu. (Bi Opal: “Hunifikii popote, Delbert. Mimi nilikuwemo mle ndani. Nimebebwa ngazini kama gunia, nikasikia paa linaondoka juu ya kichwa changu. Asingepiga simu huyo mwanamke, leo ungekuwa unahutubia kaburini kwangu. Mshukuru vizuri, mwanangu, kwa jina lake.”)

(Kamishna anakunja karatasi. Anakunywa maji.)

Ndugu wananchi, nahitimisha. Kaulimbiu yetu, mniitikie: Anga letu! (Mtu anatafuna.) Macho yetu! (Mtu anakohoa.) Basi. Nawashukuru marubani wetu sita wa ardhini, ambao wataajiriwa pindi nafasi zitakapotangazwa. Nakishukuru kituo chetu cha kurushia pale kilimani, ambacho kwa sasa, kama mlivyoona mlipokuwa mnakuja, ni ng'ombe wa Bwana Klaassen wakila majani. Nazishukuru droni zetu kumi na mbili, ambazo picha yake ndiyo hii iliyo nyuma yangu, na picha ni nzuri. Na awamu ya kwanza... awamu ya kwanza ilikuwa kuandika jina la mpango.

Lorene. Nakushukuru wewe, Lorene Tackett. Siku ile nilikuwa handakini, simu mkononi, najua mama yangu yuko wapi, na sikuwa na mtu wa kumpigia aniambie kimbunga kinaelekea wapi. Angani kulikuwa na droni moja tu, nayo haikuwa yetu. Sisi hatujawahi kuwa na hata moja.

(Hakuna anayecheka. Bi Opal: “Sasa shuka hapo, mwanangu, umpishe aseme.” Kamishna anashuka. Lorene anapita katikati ya viti, na ukumbi mzima unasimama.)