Nilivyoenda kufunika maiti ya opera

Leo mutaa wote wa Himbi umeona jupo yangu, nguo yangu ya chini ya kitenge.

Wamama wa Murara, naandika mwenyewe kwenye simu, kidole kimoja, kabla Mama Furaha hajawaletea habari na chumvi yake. (Tulienda naye. Ndiye alicheka wa kwanza.)

Munajua mujukuu wangu Nadège amepata nafasi ya kwenda Kinshasa kusomea kuimba. Mimi koko yake ndiye nilimulea, nikikataa, haendi. Na nilikuwa nimeisha kukataa. Akaniomba kitu kimoja tu: niangalie kwanza opera waliyoimba na vijana wenzake, ile walipiga filme. Leo walikuwa wanaionyesha kwenye ukuta wa ukumbi mumoja kule Himbi. Nikasema sawa, nitakwenda kuhukumu.

Opera ni mchezo ambamo mutu haongei. Anaimba tu, hata akitaka maji ya kunywa. Hii ilikuwa juu yetu sisi: mlima unapasuka, watu wanakimbia, halafu vita inawakuta njiani.

Basi nikahukumu. Kuimba: wanaume wanalia kama mbuzi amefungwa juani. Kwa Nadège sikupata la kusema, na nililitafuta. Kuigiza: askari anapigwa risasi ya tumbo, anaimba mpaka nikafikiri amepona. (Nimeona watu wa risasi. Hawaimbi.) Jukwaa lenyewe: moto wa mlima ni shuka nyekundu, vijana wanaitingisha. Ule moto ulikula nyumba yangu na masufuria yake; sio kitu cha kutingisha. Yote hayo nilikuwa namunong'oneza Mama Furaha, na watu wa mbele walishaanza kugeuka.

Halafu mule mchezoni mutoto wa Nadège akakufa njiani. Nadège akaimba juu yake, vizuri, vizuri sana. Akasimama. Akaenda zake. Akamuacha wazi.

Wamama, kwetu maiti inaachwa wazi? Hata unakimbia, hata masasi ya bunduki yanalia, unatoa kitenge chako, unamufunika, ndipo unaenda. Nikamuambia Nadège amufunike. Yule wa kwenye ukuta hakunisikia. Nadège mwenyewe, aliyekaa kando yangu, akanivuta mukono. Sikusikia mukono. Nikasimama, nikaenda mbele, nikafungua kitenge cha juu. Sijui vidole viliwaza nini, cha chini nacho kikafuata. Nikainama kumutandikia mutoto chini ya ukuta.

Mwanga wote wa mashine ya filme ukaanguka juu ya jupo yangu, ile nilishona na mufuko wa unga wa kambini. Maandishi yake yako kwa nyuma: *ya musaada, haiuzishwi*. Ukumbi mzima ukasoma.

Kijana mumoja kule nyuma akasema, "Pole, koko. Hakuna mwenye alitaka kukuuzisha."

Walicheka mpaka viti vikalia. Nadège akaficha uso.

Yule kijana aliyepiga filme akazima mashine. Akanielezea kwa heshima kwamba ni mchezo tu, na kwamba waliacha uso wa mutoto wazi kwa sababu ni muzuri, watu wauone.

Nikamujibu, "Hata baba yake Nadège alikuwa na uso muzuri."

Kicheko kikakatika.

Baba yake Nadège ni mutoto wangu. Tulikuwa tunakimbia vita, tunatoka kwetu Kiwanja, na tukamuacha pale barabarani. Nilimufunika na kitenge changu, nikatembea na jupo mpaka Goma, Nadège mugongoni. Njia ilijaa watu. Hakuna aliyecheka. (Nadège sikumuambia hata siku moja. Sasa amejua pamoja na watu wa Himbi, na filme imesimama katikati.)

Nikajifunga kitenge kimoja haraka, tukatoka. Tulitembea mpaka karibu na nyumbani, ndipo akaniuliza, "Koko, kile cha baba kilikuwa cha rangi gani?"

"Manjano. Kilikuwa bado kipya."

Halafu nikamuambia aende Kinshasa. Mutu mwenye kuimba mpaka mimi na magoti haya nikatoka kwenye kiti, nitamufungia mulango kwa sababu gani? Lakini akikufisha mutu mbele ya watu, amufunike.

Mwenye kucheka acheke, ila anikopeshe kitenge cha kwenda kanisani siku ya Mungu. Changu nimekiacha pale chini ya ukuta, na sirudi kukitwaa.