Hotilaini ya Mwewe, Magwagwa

Kabla sijamtambua yeyote, nijitambue mwenyewe: Daktari wa Heshima Zachariah Obwocha, Mwenyekiti wa Kamati ya Pamoja ya Kutambua na Kuzuia Wanyama Washambulizi wa Kuku wa Kienyeji, Awamu ya Pili. Msiniulize Awamu ya Kwanza. (Makofi ya watu wawili, walioketi nyuma yake.) Chifu wetu na manaibu wake, wachungaji wa Sabato na padri wa Katoliki, ambao leo mmeketi hema moja bila kusukumana, walimu wakuu na wasio wakuu, akina mama mlioacha majani ya chai yakikomaa shambani ili mje mnisikilize, Bwana Sabir wa duka la mabati, vijana wa boda, nawe Mama Natasha, uliyekaa mbele kabisa na kikapu cha kuku mapajani. Kama kuna mheshimiwa nimemruka, ajue nilikusudia. Habari za asubuhi kwenu, bwakire mono? (Umati: Bwakire mono.)

Ndugu zangu, mnyama hazuiwi kabla ya kutambuliwa, na hatambuliwi bila framewok. Ndiyo maana Kamati yangu, baada ya wokshopu tatu na benchimaking ya wiki mbili kule Mombasa, ambako tulichunguza mwewe tukiwa tumelala chali kwenye viti vya hoteli, imegundua mambo ambayo nyanya zenu waliyajua bila posho: kwamba ukikuta manyoya yametapakaa uani mchana, huyo ni mwewe, ukikuta shingo imetafunwa na mayai yamepasuliwa, huyo ni nguchiro, na ukikuta mlango wa banda umesukumwa na kuku mzima hayupo, huyo ni paka pori, au ni shemeji yako. (Kicheko. Mtu mmoja anahamia kiti cha nyuma.)

Wala sikukaa ofisini. Nimezuru maboma kumi na moja hapa Magwagwa, mimi binafsi, kwa miguu yangu na gari la Kamati, na mila yetu mnaijua: mgeni wa heshima hapewi ugali na mboga ya chinsaga akaambiwa ashukuru Mungu, lazima kuku achinjwe, na mimi si mtu wa kudharau mila. Matokeo ni haya, walimu mwandike: katika kila boma nililozuru, mashambulizi ya mwewe yamepungua kwa asilimia mia moja. (Sauti kutoka umatini: Kuku wameisha.) Huyo ameelewa sayansi. Mwewe asipoona kuku huvunjika moyo, akahama.

Chukueni mfano wa Mama Natasha. Alikuwa na kuku kumi. Nimefika kwake mara tisa kwa ajili ya utafiti, na sasa amebaki na huyu mmoja mwenye doa jeupe, ambaye anaatamia mayai kumi na mawili humo humo kikapuni, kwa sababu mama anasema leo hawezi kumwacha nyumbani. Nami naona hapa kwenye ratiba kwamba huyo ndiye chakula chetu cha saa saba. (Mama Natasha anavuta kikapu kifuani. Hacheki.) Usihofu, mama. Hasara yako ni data yetu.

Sasa nazindua rasmi hotilaini. Nambari ni hiyo kwenye bango. Ukimwona mshambulizi, piga. Wataalamu arobaini na wawili wako Kituo cha Udhibiti, macho kodo, usiku na mchana. Nani atajaribu? Mama Natasha? Vizuri. Mokua, wewe MC, mpelekee maikrofoni. (Mama Natasha anapiga. Simu inaita ndani ya koti la buluu la Mheshimiwa mwenyewe. Anaipokea, akinyoosha tai yake nyekundu.) Halo, Kituo cha Udhibiti, mtaalamu nambari kumi na saba. (Mama Natasha: Kuna mnyama anamaliza kuku zangu.) Pole, mama. Amekula ngapi? (Tisa.) Anakuja usiku? (Saa saba mchana, ugali ukishaiva.) Tabia ngeni hiyo. Anaacha manyoya? (Anaacha mifupa na kijiti cha meno.) Ngoja nitazame kitabu. Mama, huyo hata hayumo. Rangi yake? (Buluu. Shingoni nyekundu, kama tai.) Basi sikiliza ushauri wa kitaalamu: huyo ni hatari kuliko wote. Chukua kuku, nenda nyumbani sasa hivi, funga mlango kwa komeo, na akipiga hodi usiitike hata akitaja jina la Mungu. (Nimesikia, Daktari. Asante sana. Mama Natasha anainuka na kikapu chake; umati unampisha.) Mmeona huduma? Dakika moja tu. (Makofi, safari hii ya watu wote.)

Nikielekea kumaliza, nikisema kuku, mseme salama. Kuku! (Salama.) Nikisema mwewe, mseme chini. Mwewe! (Chini.) Shukrani zimwendee Bwana Sabir aliyetoa bati la bango hili, pamoja na fundi aliyelipaka rangi, maana, kwa kuwa kesho ni Sabato na sitaki kulala na uongo mdomoni, bango ndilo mradi wenyewe. Kituo hakipo, hakijawahi kuwapo, na wale wataalamu arobaini na wawili ni mimi. Lakini herufi zimenyooka, mlitunze. Asanteni kwa kuja. Wageni waalikwa, twendeni kwa Mama Natasha tukale. (Mokua, aliyekuwa ametumwa pamoja na vijana wa boda kukagua chakula kwa Mama Natasha, anarudi akihema na kumnong'oneza.) Amefunga mlango? Kwa komeo? Mlipiga hodi vizuri? Mkataja jina la Mungu? Na bado akanyamaza? Jamani, ni nani amemfundisha huyu mama tabia hiyo?