Mikono Niliyoisindika Mwenyewe

Jumatatu, 3 Machi
Mimi nina bahati ambayo wenzangu huiota tu: ngozi ngumu ya kuzaliwa. Miaka yote hii katika kiwanda cha ngozi, sijaungua hata kidole. Chokaa inayonyofoa manyoya ya ng'ombe kwangu ni maji ya kunawa.

Leo nimepata wazo. Ngozi mbichi ikizungushwa kwenye pipa la dawa ya buluu haiozi tena. Basi nikitumbukiza mikono yangu humo kila siku, si nayo itaiva? Glavu za nini tena? Zangu nimempa mama wa chai, naye atanipa chai ya bure. Akili ni mali.

Nimemweleza shemeji, kaka wa mke wangu. Tuko pipa moja. Yeye huvaa glavu, aproni na kitambaa cha pua, utadhani anakwenda kuoa. Akaniambia yule ng'ombe, shemeji, alikuwa amekwisha kufa. Wivu tu.

Jumanne, 4 Machi
Mikono imekuwa ya buluu. Inawasha kidogo. Ndiyo kuiva kwenyewe.

Habari kubwa: mjukuu wangu wa kwanza, aliyezaliwa mwezi uliopita, analetwa Jumamosi! Nimetangaza kwamba mimi ndiye nitakayempakata kabla ya yeyote. Mke wangu akauliza, kwa mikono ipi, mzee? Nikajifanya sikusikia.

Alhamisi, 6 Machi
Imepasuka. Vidole kama shamba la kiangazi. Asubuhi vifungo vya shati vilinishinda, mke wangu akanifunga bila kusema neno. Afadhali angenitukana.

Mchana nikakimbilia kijito cha nyuma ya kiwanda nipoze maumivu. Nikatumbukiza. Yowe nililopiga lilisikika hadi getini. Nilisahau kwamba maji yale ni yetu wenyewe, tuliyamwaga asubuhi. Nikakaa ukingoni nikitazama. Mchicha wa jirani umekuwa wa manjano. Vyura hawapo siku nyingi. Siku zote nilisema wamechoka na kelele za mapipa.

Shemeji akanivuta hadi bombani, akaninawisha kwa maji safi taratibu, kama mtoto. Kisha akanipeleka zahanati. Nesi akauliza nimefanya nini. Nikamweleza nadharia yangu, na kwamba mjukuu anakuja. Alitoka nje kidogo, nadhani alicheka. Aliporudi akanipaka marhamu, akanifunga bendeji, akasema vidonda hivi visimguse mtoto mchanga.

Njia nzima shemeji hakunicheka. Mtu mzuri yule, ingawa ana maringo.

Jumamosi, 8 Machi
Wamefika. Nilificha mikono mifukoni. Binti yangu akaninyooshea mtoto, akasema, haya baba, si ulijitapa? Nikasema nina mafua. Akasema mafua gani yanayokaa mfukoni. Ikabidi niitoe.

Nilidhani atanigombeza. Macho yalimjaa machozi. Shemeji akamwambia binti, usilie, mama, mtoto huyu akili atarithi kwa bibi yake, si kwa babu. Wote wakacheka, nami nikacheka kwa nguvu kuliko wote, nisije nikalia.

Mke wangu akanikalisha kitini. Akaweka mto mapajani pangu, akatandika shuka safi, akamlaza mtoto juu yake. Sikumgusa. Nilikaa tu nikiwa kiti cha mjukuu wangu. Akapiga miayo, akalala. Mguu ulikufa ganzi, sikuthubutu kuuhamisha.

Jumapili, 9 Machi
Nashukuru. Namshukuru mke wangu, anayenifunga vifungo bado. Namshukuru shemeji, aliyeniachia glavu zake hadi nipate nyingine, na yeye ameomba ahamishiwe kupanga ngozi kavu wiki hii. Namshukuru hata mama wa chai. Alizirudisha zangu akisema zimefanya chai yake inuke ngozi na wateja wamekimbia. Nimezipeleka kwa shemeji.

Mke wangu amenikumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimelifikiria sana neno hilo. Guu langu ni zima kabisa. Tena unyayo una ngozi nene, si kama kiganja. Kosa langu lilikuwa kuanzia mahali pabaya. Mikono ikipona, mabuti nampa mama wa chai.

Na ile ngozi ngumu ya kuzaliwa ni uongo. Niliungua siku ya kwanza kazini.