Herufi R Kwenye Ratiba

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Ratiba ya muhula imebandikwa. Mbele ya jina langu, Alhamisi nzima: herufi R, kwa wino mwekundu. Daktari Mirindi, niliyeajiriwa naye mwaka uleule kutibu meno na kufundisha, hana R hata moja. Nimetafakari kwa utulivu. R ya nini? Remplacée! Nimeshapatiwa mbadala. Nakiri ushahidi ni hafifu. Lakini leo Mirindi alinisalimia mara mbili. Nani husalimia mara mbili bila sababu?

Jumanne, 7 Oktoba

Nimemdodosa Mwantum, katibu wa doyen, mkuu wa kitivo, kwa kuanza na sifa za kitenge chake. Akanijibu: “Docteur, mi naandikaka tu vile doyen ananipa. We uliza yeye.” Nimuulize! Anayeuliza kama anafukuzwa si anawakumbusha? Nimeamua Alhamisi niwe mtu asiyeondoleka. Wagonjwa kutwa, somo la ziada la kung'oa magego. Utafiti wangu wa meno ya watoto wa mtaa wa Carama utangoja. Kwa miaka minne nimeuombea siku moja tu kwa wiki, sijajibiwa. Umeshazoea.

Jioni nimemwandikia mkuu kwamba Alhamisi yangu ya kliniki na darasa siiachi kwa yeyote, kwa sababu yoyote ile. Nakala mbili.

Alhamisi, 9 Oktoba

Wagonjwa ishirini na watatu! Mzee Sulemani, fundi wa pikipiki kutoka mtaa wa Bwiza, alikaa mdomo wazi nikiwaeleza wanafunzi mizizi ya gego lake. Dakika arobaini. Alipoachiwa akasema: “Mama docteur, mi moteur nzima nafungua na kufunga, we bado uko kwa jino moja?” Wanafunzi walicheka. Aliyecheka zaidi huketi karibu na Mirindi maktabani. Huenda ni bahati tu. Nimeandika jina lake.

Saa nane Mirindi mwenyewe alichungulia, akauliza kwa upole mbona niko kliniki leo. Mbona niko! Nikamwambia nipo, na nitazidi kuwapo. Akatabasamu. Dhana yangu sasa inakaribia kuwa elimu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mkuu ameniita. Amenishukuru kwa moyo wa kujitolea. R ilikuwa Recherche. Siku ya utafiti! Ile ile ya miaka minne. Nyekundu kwa kuwa kalamu ya buluu ilikauka. Na kwa vile nimeikataa kwa maandishi, amempa Mirindi, ambaye hakuiomba.

Nilikaa uani muda mrefu. Nilijihukumu kwa haki: mtu mwenye shahada tatu hajengi hoja juu ya herufi moja. Kuanzia leo nitauliza kwanza.

Nikapita ubaoni. Ratiba mpya. Alhamisi yangu ina E, ya kijani. Msomaji mwepesi angesema Enseignement, kufundisha. Lakini mbona kijani? Expulsée, aliyefukuzwa, ingeandikwa rangi gani?

Barua nimeshaianza. Nakala tatu.