Barabara ya Soin Imekatika

Jumatatu, 7 Mei 1934
Habari kubwa. Nyumba ya wazazi ambayo serikali imejenga hapa shambani ina vitanda vinne na mzazi hata mmoja hajaonekana. Wanawake wa laini, yaani safu za vibanda vya wafanyakazi, wanaiogopa. Wanasema anayelala mle hatoki. Leo jioni Meneja ametutangazia: mfanyakazi ambaye mke wake atakuwa wa kwanza kujifungulia mle atapewa nyumba ya mawe, vyumba viwili, bati juu. Mimi Lazarus Oyoo, karani wa mizani ya majani ya chai, ninaishi kibanda cha nyasi kinachovuja mahali patatu. Mke wangu Adoyo amebakiza wiki tatu. Nyumba ni yangu.

Jumanne, 8 Mei
Tatizo. Adoyo anataka kujifungulia kwa mama yake, kule ziwani, kama dada zake wote. Lori linateremka kesho asubuhi na mzigo wake umeshafungwa. Nilimweleza faida za nyumba ya wazazi. Akaendelea kukunja nguo. Basi nikamwambia barabara imekatika pale Soin, mvua imebeba daraja. Akauliza nani amesema. Nikasema watu. Akaniangalia muda mrefu, kisha akafungua mzigo. Najisikia vibaya kidogo. Kidogo tu.

Alhamisi, 10 Mei
Atuti, karani wa stoo, Mkisii anayejua kila kitu, naye mke wake ana mimba. Anaitwa Gesare, na tumbo limeshashuka. Hilo sikulihesabu. Nilimkuta anateka maji, nikamwambia kama jirani mwema kwamba vitanda vya mle ni virefu mno kwenda juu, mtoto akigeuka kidogo anaanguka. Alinishukuru sana kwa kumfikiria. Leo nitalala vizuri.

Ijumaa, 11 Mei
Gesare alikwenda kujionea urefu wa vitanda. Akapanda kimoja kupima. Marcella, mkunga wa serikali, anasimulia kwamba huyo mama hajawahi kulalia godoro tangu azaliwe, na alipolala alikataa kushuka. Uchungu ulimkuta palepale. Mtoto wa kike, mzima kabisa. Atuti amepewa nyumba. Amepita kwenye mizani mara tatu leo, na hana kitu cha kupima.
Sasa ningemwambia Adoyo ukweli. Lakini nimeona afadhali nimwambie Jumatatu kwamba daraja limetengenezwa.

Jumapili, 13 Mei
Jana sikuandika.
Uchungu ulimshika Adoyo jana alfajiri, kabla ya siku zake. Wanawake wa laini walikuja, wakamwangalia, wakarudi nyuma. Mguu wa mtoto ulikuwa umetangulia. Nilimbeba mwenyewe mpaka kwa Marcella, bila viatu, matope mpaka magotini, na sikukumbuka nyumba wala bati. Marcella alimpokea, akanifungia mlango. Nikakaa kwenye nyasi nikisikiliza.
Saa nane mchana akatokea mama mkwe, Mama Beldina, na kikapu cha samaki wakavu kichwani. Alikuwa amechoka kumngojea binti yake, akaamua kuja. Nilivua kofia, nikasogea kando kama inavyompasa mkwe. Nikamwuliza amefikaje.
“Kwa lori,” akasema.
“Na daraja la Soin?”
“Daraja limefanya nini?”
Nilimwambia yote. Sijui kwa nini. Nadhani sikuwa na nguvu za kutunga jingine. Alitua kikapu chini. Tulikaa, yeye upande wake na mimi wangu, Adoyo akilia ndani, kisha akawa halii, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Jua lilikuwa linakaribia kuzama tuliposikia sauti nyembamba, ya hasira, ya mtu ambaye hajazoea baridi ya Kericho.
Marcella akatoka, nguo imelowa jasho. Akasema wote wawili ni wazima. Damu ilikuwa nyingi lakini imezuiliwa. Akasema pia kwamba kama uchungu ungemkuta mbali na msaada, tungewapoteza wote wawili.
Nililia. Nimeliandika na hilo, basi.
Mama Beldina alisema bila kunitazama: “Mkwe wangu, uongo wako umenibakishia binti. Usinidanganye tena.”

Jumatano, 16 Mei
Adoyo anakaa, anakunywa uji wa wimbi. Mama yake amemsimulia habari ya daraja. Alicheka mpaka Marcella akamkataza. Mtoto ni wa kiume, ananyonya kama aliyefunga mwezi mzima, na ameshika kidole changu hataki kukiachia. Nimewaahidi wote, hata yeye, kwamba mambo ya hila nimeyaacha. Nimeyaacha kwa moyo wangu wote. Sijapata kuwa mwepesi hivi.
Mchana tangazo limebandikwa ofisini. Idara ya afya inataka kila familia iwe na choo, kwa ajili ya afya ya watoto, na afisa atapita Ijumaa. Mwenye choo bora atapata mbuzi wa maziwa. Mzee Nyamwange, jirani yetu, amechimba chake futi kumi na mbili, kina mlango wa mbao na kifuniko. Kazi safi. Mzee mwenyewe hajui kusoma.
Nimempelekea kibao cha kuweka mlangoni, nimekiandika vizuri kwa rangi nyeusi: CHOO CHA L. OYOO. Nimemwambia kinasema “Karibuni wageni.” Amekipigilia misumari minne, akarudi nyuma hatua mbili kukitazama, akasema kimependeza.