Kisima Kidevuni mwa Mahrokh

Jumamosi, 5 Ordibehesht
Alhamisi tunakwenda kwa Agha Bahador kumposa bintiye, Mahrokh. Mama anataka tubebe maua na boksi la halua. Kama watu wote! Jirani yangu Iraj, fundi wa maandishi ya mapambo, naye anamnyemelea. Iraj ana mkono wa sanaa. Mimi hata tango siwezi kuchora. Lakini nina kompyuta. Akili mnemba italigeuza shairi la kale la Kiajemi kuwa picha ya Mahrokh. Nimechagua beti tamu: uso mwezi, kimo mberoshi, nyusi pinde, kope mishale, kidevuni kisima mnamozama mioyo.

Jumapili, 6
Picha imetoka. Mberoshi mrefu. Juu yake mwezi, na mashimo yake yote. Pinde mbili. Mishale inamlenga mtazamaji. Kidevuni kisima, na ndoo na kamba. Nikaiambia mashine imtie ubinadamu kidogo. Ikamwongezea masikio.
Mama kauliza kama huo ni mnara mpya wa maji wa manispaa.

Jumatatu, 7
Nimemwonyesha Iraj, aumie. Akatazama kwa muda mrefu, akaweka mkono kifuani. Akasema mbele ya kazi hii kalamu yake ni ufagio. Amekiri mwenyewe! Nimeichapisha, urefu mita mbili.
Mama anasema ile ilikuwa adabu tu. “Mwanangu, mtu akikwambia nyumba yangu ni yako, unahamia?”
Wivu wa wazazi.

Alhamisi, 10
Picha haikupita mlangoni. Tumeipitishia dirishani, Agha Bahador akishika upande wa mwezi. Akasema macho yake yamepata nuru, ila nyumba yake haistahili kitu kikubwa hivi. Akarudia mara tatu. Mtu mnyenyekevu sana. Nikamwambia asijidharau.
Mahrokh alileta chai. Akaitazama picha, akanigeukia.
“Agha Kiumars, mtu akitumbukia hapa kidevuni, anatolewaje?”
Nikamjibu ndiyo maana kuna ndoo. Akakimbilia jikoni, mabega yakitikisika. Amelia kwa furaha, masikini. Bibi yake akauliza maji ya kisima hicho ni matamu au ya chumvi. Mama aliinamia chai yake mpaka tunaondoka.

Jumamosi, 12
Jibu limekuja kwa mdomo wa Mama. Agha Bahador anasema binti yake hamstahili msanii wa kiwango changu. Mama anasema hiyo ni hapana. Mama hajui kusoma watu. Msichana anajiona mdogo mbele yangu, basi. Atahitaji kutiwa moyo.
Nimepita nje ya ukuta wao. Picha wameitundika uani, juu ya mcheri wao wa matunda. Kunguru hata mmoja hathubutu kusogea. Hadharani! Watu wangapi huthaminiwa hivyo wakiwa hai?
Njiani nimekutana na Iraj, kanyoa, kavaa koti, maua mkono mmoja, boksi la halua mkono mwingine. Nyuma yake mama yake, naye kapendeza. Akasema wanaelekea huko huko nilikotoka. Nikamwomba anisalimie Mahrokh na amwandae: namtengenezea picha ya pili, ya mita nne. Iraj akaweka mkono kifuani, akasema ataufikisha ujumbe kwa heshima zote. Kijana mwema, japo hana kipaji.
Nimeanza na ubeti wa nywele zilizo minyororo na nyoka. Safari hii nimeiagiza mashine isiruke neno hata moja.